Kamba ya Mafundo Sitini: Kisa cha Vinyungu na Milingoti

Kabla ya kisa

Nimekiandika kisa hiki kwa ajili ya wasaidizi wa kisheria wenzangu, na kwa watendaji na wajumbe wa halmashauri za vijiji watakaopenda kukisoma. Jina la kijiji, majina ya watu na miaka ya matukio nimeviondoa. Nilikuwa ndani ya kisa tangu mwanzo, na kosa moja kubwa humu ni la kwangu, kwa hiyo msomaji asinichukulie kama refa.

Mazingira

Kijiji kiko kwenye vilima vya mkoa wa Iringa, huku ambako ukungu wa mwezi wa sita hauondoki mpaka saa nne asubuhi. Katikati yake hupita kijito kinachoteremka kuelekea Ruaha Mdogo, na kandokando ya kijito ndiko kwenye vinyungu. Kwa asiye wa huku, kinyungu ni kishamba cha bondeni kinacholimwa kiangazi, bila mvua wala pampu, kwa unyevu wa ardhi yenyewe. Majani hufukiwa chini ya tuta yaoze, juu hupandwa mahindi, maharage na mboga. Mavuno yake hufika wakati chakula cha mlimani kimekwisha na mvua mpya ndiyo kwanza zinaanza. Hapo bondeni kulikuwa na vinyungu 43, karibu vyote mikononi mwa wanawake.

Upande wa juu wa kijito hichohicho kuna shamba la milingoti, yaani mikaratusi, kama eka tatu. Mwenyewe ni mzee mwenye biashara mjini, ana hati ya kimila ya kumiliki ardhi, na mpaka wa shamba lake kwenye hati unaandikwa kuwa ni mto. Aliipanda mwaka 1998, akiwa amepewa miche bure. Inayosimama sasa ni machipukizi.

Maji ya kijito hiki, kidogo kama kilivyo, yana wadai wengi. Yanaingia Ruaha Mdogo, yanafika Ruaha Mkuu, yanakwenda Mtera na Kidatu kuzungusha mitambo ya umeme. Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi ndani ya hifadhi ya taifa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, aliahidi akiwa London kwamba kufikia 2010 mto huo utatiririka mwaka mzima. Ahadi ya London ikaja kuwa maagizo ya mkoa, ya mkoa yakawa ya wilaya, na ya wilaya yakaishia kwa mgambo na panga lake. Upande wa Mbarali, mwaka 2006 na 2007, wafugaji walihamishwa kutoka bonde la Usangu kwa hoja hiyohiyo ya maji.

Sheria iliyotumika ni ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya 2004. Kifungu cha 57 kinakataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, shughuli za kibinadamu za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zaweza kudhuru hifadhi ya ukingo huo. Naomba msomaji aliweke akilini hilo neno «kudumu».

Msimu wa kwanza

Mwezi wa saba halmashauri ya kijiji iliamua kwamba wote walio ndani ya mita 60 waondoke kwa siku 14, na atakayekaidi atozwe faini ya shilingi 50,000. Uamuzi ulipelekwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji siku ya Alhamisi saa nne. Alhamisi ni siku ya mnada. Wenye vinyungu walikuwa mnadani wakiuza mboga za hivyo vinyungu. Muhtasari wa mkutano unasema «wajumbe wote waliunga mkono», na nina hakika ni kweli, kwa sababu wa kupinga hawakuwapo.

Siku ya kumi na tano mgambo watatu walishuka bondeni. Mita 60 zilipimwa kwa hatua. Mpimaji alikuwa kijana mrefu kuliko wote kijijini, na hakuanza kuhesabu ukingoni mwa maji, alianza pale matete yanapoishia. Kila kilichokuwa ndani ya hatua zake kiling'olewa. Wanawake kumi na wawili walitozwa faini. Watano walipewa stakabadhi yenye mhuri, saba wakapewa karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule, imeandikwa kiasi, tarehe na saini isiyosomeka.

Milingoti haikuguswa. Mtendaji alipoulizwa alijibu kwamba miti ni uhifadhi.

Wiki iliyofuata mjane mmoja, mwenye umri wa miaka hamsini na kitu, alikuja ofisini kwetu na karatasi yake ya daftari ndani ya kitambaa. Tuliamkiana «kamwene», akakaa, hakusema neno mpaka alipokunywa maji. Halafu akasema: «Mwanangu, sikuja kudai kinyungu. Nimekuja kuuliza. Wanasema sheria ni msumeno. Huu wa kwetu mbona meno yako upande mmoja?»

Njia zilizokuwepo, na tuliyoichagua

Wengi wetu mteja akishalia tunakimbilia kuandika, na ndivyo nilivyotaka kufanya. Tulikaa kwanza kupima njia.

Kwenda mahakamani kuishtaki serikali ya kijiji si jambo la kuamka na kufanya. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, mamlaka za serikali za mitaa nazo zinahesabiwa kuwa Serikali katika mashauri, kwa hiyo kunatakiwa notisi ya siku 90, kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na shauri kufunguliwa Mahakama Kuu. Kuomba Mahakama Kuu ipitie uamuzi wenyewe kunahitaji ruhusa kwanza, na muda wake ni miezi sita. Msaidizi wa kisheria, kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, haruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani. Kumpata wakili kwa ajili ya wanawake kumi na wawili wenye hasara ya 50,000 kila mmoja, hilo nililijua jibu lake.

Baraza la kata nalo halikufaa. Tangu 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu, haliamui tena, na hapa hakukuwa na watu wawili wanaogombea shamba.

Njia ya tatu ilikuwa karatasi za kijiji chenyewe. Sheria ndogo ya kijiji haizaliwi kwenye kikao cha halmashauri ya kijiji na kuanza kutembea siku hiyohiyo. Lazima ijadiliwe na mkutano mkuu, kisha iidhinishwe na halmashauri ya wilaya. Tukaandika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya, kupitia kwa mtendaji wa kata, tukiuliza swali moja: faini ya 50,000 inatozwa kwa sheria ndogo ipi? Hatukulalamika popote kwenye barua ile, na nadhani ndiyo sababu ilijibiwa.

Jibu lilikuja mwezi wa kumi na moja. Wilayani hakukuwa na sheria ndogo ya kijiji hicho kuhusu vyanzo vya maji. Faini zilisimamishwa. Wanawake wakarudi bondeni kuokoa kilichobaki, na mimi nikaandika kwenye ripoti ya robo mwaka kwamba shauri limemalizika kwa mafanikio. Ripoti hiyo bado ipo, na kila nikiiona najisikia vibaya.

Kumbe nilichofanya ni kumwonyesha mwenyekiti wa kijiji karatasi gani inapungua. Alikwenda kuitafuta. Kufikia mwezi wa tano mwaka uliofuata sheria ndogo ilikuwa imeandikwa, imejadiliwa, imeidhinishwa, ina mhuri. Mwezi wa saba vinyungu vikaamriwa kuondoka tena, safari hii kwa utaratibu kamili. Mjane akaja tena, akanitazama tu.

Kamba

Wazo la kamba si langu. Lilitoka kwa wanawake wenyewe, na hasa kwa mmoja aliyekuwa amechoka kubishana kuhusu hatua za mgambo. Walinunua kamba ya katani, wakaazima futi ya fundi seremala, wakakaa uwanjani kwa mjane wakafunga fundo kila mita, sitini. Fundo la kumi, la ishirini na kila kumi iliyofuata waliliwekea kitambaa chekundu cha kanga kuukuu. Iliwachukua mchana mzima kwa sababu kila walipofunga fundo kamba ilifupika, na ilibidi kupima upya.

Jumamosi asubuhi walishuka wote bondeni. Mtoto wa darasa la nne alishika ncha ukingoni, miguu ndani ya maji, na mama mmoja akapanda na ncha ya pili. Walipima kila kinyungu. Tisa kati ya 43 vilikuwa nje ya mita 60 kabisa. Viling'olewa mwaka uliopita kwa urefu wa miguu ya kijana mmoja na kwa upana wa matete. Kisha wakahamia upande wa juu. Mstari wa kwanza wa milingoti ulikuwa kwenye fundo la kumi na nne. Mtoto akauliza kama apime na mistari mingine, wakamwambia inatosha, rudi nyumbani ukaote moto.

Mtendaji alipopelekewa matokeo alisema kamba ya katani ikilowa hubadilika urefu. Ni kweli hubadilika. Afisa wa wilaya alikuja baadaye na kipimo chake cha chuma, na tofauti haikufika mita moja.

Mkutano mkuu wa pili

Ombi la kwanza la wanawake halikuhusu ardhi wala faini, lilihusu siku. Waliomba mkutano ufanyike Jumapili baada ya ibada. Mwenyekiti alisita, akakubali. Sijui mikutano mingapi ya vijiji imeharibika kwa sababu ya kalenda tu.

Uwanja ulijaa. Mwenye miti alikuja mwenyewe, kwa heshima, na alizungumza vizuri kuliko nilivyotarajia. Hoja yake: alipanda 1998, sheria ni ya 2004, ana hati ya kimila, na Katiba inalinda mali ya mtu. Akitakiwa kung'oa alipwe fidia. Watu walinyamaza, maana ilikuwa hoja ya haki.

Mjane akanyoosha mkono. «Mzee, shikamoo. Mimi nimezaliwa hapa. Mama yangu alinibeba mgongoni kwenye kinyungu hicho kabla hayo maji hayajaitwa chanzo. Wewe uliyetangulia sheria unalipwa. Sisi tuliokutangulia wewe tunatozwa.»

Tofauti ya wawili hao ilikuwa hati. Kijiji kilipopimwa, wapimaji waliyaandika mashamba ya mlimani, na bonde wakaliruka kwa kulitaja kuwa hifadhi ya maji. Vinyungu havikuingia kwenye daftari la ardhi ya kijiji, si kwa jina la mwanamke wala la mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, lakini haki hiyo ilikuwa haina mahali pa kushika, maana kwa kisicho daftarini hakuna karatasi ya kuonyesha kuwa ni cha mtu.

Mwenyekiti alijaribu kuufunga mjadala kwa kusema tusikwamishwe na taratibu, lengo ni kulinda maji. Mzee mmoja wa mstari wa nyuma, ambaye mpaka hapo nilidhani amesinzia, akamkumbusha kwamba mkoa huu ulishazika mkuu wa mkoa kwa sababu ya ardhi kutawaliwa kwa kuamrishana. Alikuwa anamsema Dk. Wilbert Klerruu, aliyeuawa na mkulima huko Isimani Desemba 25, 1971. Hakuwa anatisha mtu. Ila baada ya hapo mwenyekiti alikaa chini na kuacha watu waseme.

Kilichoamuliwa

Mita 60 zipimwe upya na vigingi vichimbiwe. Vinyungu tisa vilivyo nje ya vigingi virudishwe kwa wenyewe. Vilivyo ndani viondoke, lakini kilichokwisha kupandwa kivunwe kwanza, hadi mwisho wa Desemba. Milingoti iliyo ndani ya vigingi ikatwe na visiki viuawe visichipue tena. Mwenyewe akapewa miezi 24 na hakulipwa fidia. Wanawake 17 waliopoteza vinyungu na wasio na shamba jingine wakagawiwa robo eka kila mmoja mlimani.

Faini za msimu wa kwanza zilirudishwa kwa wale watano wenye stakabadhi. Waliokuwa na karatasi za daftari waliambiwa fedha zao hazionekani kwenye vitabu vya kijiji.

Milingoti ilikatwa ndani ya muda. Ilikuwa imekomaa, ikauzwa nguzo.

Uchambuzi

Ibara ya 13(1) ya Katiba yetu inasema: «Watu wote ni sawa mbele ya sheria, na wanayo haki, bila ya ubaguzi wowote, kulindwa na kupata haki sawa mbele ya sheria.» Neno «haki» limetokea mara mbili katika sentensi moja, na si kitu kimoja. La kwanza ni stahili ya mtu, kile anachoweza kukidai. La pili ni ule uamuzi ulionyooka anaotegemea kuupata akifika mbele ya mwamuzi. Kiswahili kimeviweka vyote kwenye chungu kimoja na kwa kawaida tunaelewana. Siku ile uwanjani hatukuelewana. Mwenye miti alisema haki akimaanisha hati. Mjane alisema haki akimaanisha usawa. Mwenyekiti alisema haki akimaanisha walio wengi wameshaamua. Kila mmoja alikuwa anajibu swali ambalo mwenzake hakuuliza.

Barua ya kwanza ilifanikiwa kwa jambo dogo na ikashindwa kwa jambo kubwa. Ilikuwa sahihi kisheria. Faini isiyo na sheria ni unyang'anyi hata ikitozwa na mgambo mwenye sare. Lakini mjane hakuwa ameniuliza kama sheria ndogo ina mhuri. Aliuliza kuhusu meno ya msumeno. Nilichukua swali ninaloweza kulijibu nikaliacha lililoulizwa. Wenzangu, huu ndio ugonjwa wa kazi yetu.

Hata hivyo siwezi kukubaliana na mwenyekiti kwamba taratibu ni vikwazo. Ibara ya 107A(2)(e) inaziagiza mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi yanayoweza kukwamisha haki kutendeka, na maneno hayo sasa yamefika hadi vijijini, kila kiongozi anayetaka kuruka hatua anayajua. Maneno ya kuangalia ni «kupita kiasi». Kuitisha mkutano siku ambayo wahusika wapo si sharti la kiufundi, wala kupima mita kwa kitu kinachopima mita. Wanawake hawa waliumizwa mara ya kwanza na utaratibu usiofuatwa, na kilichowasaidia mara ya pili ni utaratibu walioufanya wenyewe, fundo kwa fundo.

Kamba ilifanya kazi ambayo hoja zangu hazikuweza. Kabla yake mgogoro ulikuwa wa maskini na tajiri, na mgogoro wa namna hiyo kijijini humalizika kwa maskini kuambiwa ana wivu. Baada ya kamba ukawa wa fundo la kumi na nne. Hapo hata waliokuwa upande wa mwenye miti hawakuwa na pa kusimama.

Sasa nije kwenye jambo linaloninyima raha. Mwishoni msumeno ulikata mbele na nyuma, kama msemo unavyotaka. Mita zilikuwa sawa kwa wote. Siku hazikuwa sawa: mmoja alipata miezi 24, wengine walianza na siku 14 na wakapata miezi mitano kwa sababu walipigania. Na kilichokatwa hakikuwa sawa. Mwenye miti alivuna mali iliyokomaa, akaiuza. Aliyepoteza kinyungu alipoteza chakula cha kila mwaka, akapewa robo eka ya mlimani ambayo kiangazi haioti kitu. Nimewahi kusikia mafunzo mazima yakimalizika kwa kusema usawa mbele ya sheria ndiyo haki. Ningependa mkufunzi yule aje aone robo eka hizo mwezi wa tisa.

Kulikuwa na nafasi ya kufanya vizuri zaidi, na sikuiona mapema. Ni lile neno «kudumu». Kinyungu hulimwa miezi michache kikapumzika; mlingoti husimama miaka, ukikatwa unachipua. Kwa herufi za kifungu cha 57, mti wa mzee ulikuwa na kesi mbaya kuliko tuta la mjane. Yapo maneno ya pili ya kifungu, kuhusu shughuli zinazoweza kudhuru, na mtu angeweza kuyatumia dhidi ya vinyungu, hasa vinavyokatia mifereji. Lakini hoja ingefaa kuwekwa mezani: kilimo cha matuta kisicho na mifereji, mita kadhaa kutoka majini, kwa miezi inayotajwa kwenye sheria ndogo yenyewe. Sheria ndogo ilipokuwa bado rasimu, tulikuwa na miezi sita ya kuisemea. Niliitumia miezi hiyo kuandika ripoti ya mafanikio.

Sitaki kumgeuza mwenye miti kuwa adui wa kisa. Alipanda alipohimizwa kupanda, akasajili alipoambiwa asajili, akakata alipoamriwa akate. Alitendewa kwa mujibu wa karatasi zake kila hatua. Wasio na karatasi ndio waliotegemea wema wa mkutano, na wema wa mkutano una siku yake.

Yaliyobaki

Robo eka 17 za mlimani zimeombewa hati za kimila, na tumesimamia majina yaliyoandikwa yawe ya wanawake wenyewe. Saba wenye karatasi za daftari bado wanadai. Mara ya mwisho nilipompelekea mjane taarifa kwamba kijiji kimetaka «uthibitisho wa malipo», alikwenda ndani akarudi na kile kitambaa, akakifungua, akaitandaza karatasi yake juu ya meza na kuinyoosha kwa kiganja. Akaniuliza hiyo saini, kama si uthibitisho, yule mgambo aliiandika ya nini.

Kamba haikuwepo kwake siku hiyo. Kitongoji cha jirani walikuwa wameiazima.